Chombo kikipwelewa: maswali yenu kuhusu mafungu, miamba na bamvua

Safu hii hujibiwa na manahodha na mafundi wa vyombo. Mwezi huu barua nyingi zilikuwa za kukwama, kwa hiyo tumezikusanya pamoja.

SWALI: Assalamu alaykum. Tuna boti ya faiba ya abiria, mashine ya 40, tunapita Mkanda kwenda Mtangawanda. Majuzi tulikwama kwenye mchanga maji yakianza kupwa. Kijana wa mashine akafungua mafuta yote arudi nyuma. Boti haikutoka, mashine ikaacha kutema maji, ikazima. Abiria wakakaa juani hadi alasiri. Kosa lilikuwa wapi?
— Msomaji, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam. Kosa la kwanza ni la saa, la pili ni la mkono wa mafuta.

Tuanze na saa. Maji hayapwi kwa mwendo mmoja. Ukigawa tofauti ya maji kujaa na maji kukauka katika mafungu kumi na mawili, saa ya kwanza huondoka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Chukua siku ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, yenye tofauti ya mita 3.6. Saa ya kwanza yanashuka sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90. Mliokwama saa moja baada ya maji kujaa mlikuwa mnaingia saa ya pili, na hapo maji yanakimbia sentimita moja kila dakika. Dakika kumi za kubishana ni sentimita kumi. Boti ya faiba iliyogusa kwa sentimita tatu tu imekaa kabisa kabla abiria hawajamaliza kuulizana kuna nini.

Sasa mashine. Rafadha (pangaboi la mashine) ikizunguka kwa nguvu juu ya mchanga hufanya mambo mawili mabaya. Inautifua mchanga na kuurundika chini ya tako la boti, na mashine inaunyonya kupitia matundu ya maji ya kupozea. Ndani mna impela ya mpira, kigurudumu kinachosukuma maji hayo. Mchanga unaisaga, na ikizunguka bila maji hata kwa muda mfupi mbawa zake huungua na kukatika. Mashine ilipoacha kutema maji ilikuwa inawaambia izimwe pale pale. Kabla ya kuitumia tena, zibueni tundu la kutemea kwa waya mwembamba, isafisheni kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) dakika kumi, mtazame mtemo. Ukiwa dhaifu, fungueni na kubadili impela. Kipande cha mbawa kilichokatika kitafuteni hadi kipatikane, maana kikibaki kwenye njia ya maji hata impela mpya haitasaidia. Na kama mashine inalia sana lakini boti inajikokota, mpira wa ndani ya rafadha umeteleza, au kwa mashine ndogo pini imekatika. Pini mbili za akiba ziwe botini daima.

Ilivyotakiwa ni hivi. Boti ikigusa tu, gia iwe huru na mashine inyanyuliwe. Mashine iliyoteremshwa hushuka kiasi cha sentimita 30 hadi 40 chini ya tako, na mara nyingi ni yenyewe tu iliyogusa, boti bado inaelea. Abiria wavae majaketi, kisha wahame polepole kwenda upande usiogusa: omo (mbele) ikikwama waende shetri (nyuma). Watu kumi ni zaidi ya nusu tani, huo si uzito wa kudharau. Wawili washike pondo (mti mrefu wa kusukumia), wasukume kurudi kule kule mlikotoka, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee mnayojua ina maji. Chombo chenye mkuku (uti wa chini) mrefu kinaweza kulazwa ubavu ili kipunguze kina, lakini boti ya tako bapa usiilaze, ubavu wake utazama zaidi kuliko tako.

Wakati huo huo mtu mwingine apeleke nanga kwenye maji marefu, kwa hori (mtumbwi mdogo) au kwa kutembea kama ni mchanga mgumu, na kamba isipungue mita 30. Nanga hiyo ina kazi mbili: mnaivuta kutoka, na mkishindwa inazuia mawimbi yasiwasukume juu zaidi maji yakirudi. Anayeshuka aburute miguu, asinyanyue, maana taa hulala mchangani, naye akikanyagwa huchoma. Akichomwa, mguu uingie kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kisha hospitali. Penye tope la mikoko asishuke mtu.

Dakika kumi zikipita bila kufanikiwa, acheni. Elekezeni uzito ili boti ilale kuelekea upande wa fungu (mchanga ulioinuka), siyo upande wa maji marefu, isije mawimbi ya maji yanayojaa yakaingia ndani kabla haijanyanyuka. Funga matangi ya mafuta. Halafu piga hesabu: aliyekwama saa moja baada ya maji kujaa ataelea tena takriban saa kumi na nusu baadaye. Waambieni abiria ukweli huo mapema, wapate kugawana maji ya kunywa kwa akili.

SWALI: Jahazi letu lenye simenti lilipanda fungu maji yakiwa yamejaa kabisa, usiku wa mwezi kumi na sita kwa hesabu ya mwezi wa kuandama. Leo ni siku ya nne, kila maji yakijaa halinyanyuki, na jana hayakufika hata pale yalipofika juzi. Tuendelee kusubiri au tutafute boti ya kuvuta?
— Mwenye chombo, Kilwa

JIBU: Msisubiri mkiwa mmekaa, na msivute bado. Mmepatwa na jambo ambalo wazee wa pwani huliogopa kuliko mwamba: kupwelewa kileleni mwa bamvua. Bamvua hufika juu siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mchanga. Kuanzia hapo kila maji yanayojaa ni mafupi kuliko yaliyotangulia, mpaka maji mafu (yanayojaa kidogo kabisa) ya mwezi ishirini na mbili hivi. Kwa kusubiri tu, nafasi yenu ni mwezi ukiandama. Na msichukulie kwamba bamvua hiyo italingana na iliyowapandisha. Mara nyingi moja huzidi nyingine. Tafuteni jedwali la maji la bandari iliyo karibu, mlinganishe kimo cha siku mliyopanda na vimo vya bamvua ijayo. Zile kubwa zaidi kwa mwaka huja karibu na Machi na Septemba.

Kinachowaokoa ninyi ni mzigo. Jahazi la urefu wa mita 12 na upana wa mita 4 kwenye mstari wa maji lina eneo la kama mita 34 za mraba, ukiondoa ncha zilizochongoka. Kulinyanyua sentimita moja kunahitaji kuondoa takriban kilo 340, yaani mifuko saba ya simenti ya kilo 50. Mkipungukiwa na sentimita 20, shusheni mifuko 140. Pimeni chombo chenu mpige hesabu yenu wenyewe. Kwanza lakini pigeni alama ya chaki ubavuni mahali maji yalipofika yakijaa, kila siku. Bila alama mtakuwa mnabahatisha.

Maji yakikauka, wekeni magadi (miti ya kuegemezea chombo) pande zote mbili, yakae juu ya mbao pana yasizame mchangani, na yabane penye mataruma (mbavu za chombo), siyo kwenye ubao mtupu. Chombo chenye mzigo kikilala ubavu bila gadi hufungua mianya yote ya kalafati (pamba inayoziba kati ya mbao) upande wa chini. Tumieni nafasi hiyo kuikagua: pamba iliyotoka irudishwe na kupigwa kabla hamjaelea. Chimbeni pia mfereji nyuma ya mkuku kuelekea maji marefu, na pelekeni nanga mbili zikazwe kabla maji hayajajaa, siyo baada.

Siku ya kuvuta, kamba ifungwe chini ya mlingoti au izungushwe tumboni mwa chombo, isifungwe kwenye kishikio cha faluka wala usukani. Nailoni hunyumbuka, na ikikatika hurudi kama mjeledi. Asisimame mtu kwenye mstari wake.

Mkiona aibu, kumbukeni meli ya Ever Given, mita 400, iliyoziba Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021. Ilivutwa kwa matagi (boti za kuvuta meli) na kuchimbiwa mchanga wa mita za ujazo 30,000 hivi. Ilitoka tarehe 29, siku moja baada ya mwezi mpevu. Hata hao walikuwa wakiutazama mwezi.

SWALI: Natembeza wageni upande wa Mnemba. Boti ikipanda mwamba na kusikika mlio wa kupasuka, nirudi nyuma haraka kabla wageni hawajapata hofu?
— Mwongozaji, Unguja

JIBU: Usirudi kabla hujafunua mbao za chini ukaangalia. Mwamba uliokutoboa ndio pia unaokushikilia. Tundu la upana wa sentimita 5, sentimita 30 chini ya maji, linaingiza karibu lita 170 kwa dakika, yaani ndoo nane kubwa, na hakuna mtu anayefua maji kwa kasi hiyo. Ukijivuta hadi kwenye maji marefu umewapeleka wageni mahali pa kuzama.

Kama kuna tundu, ziba ukiwa bado juu ya mwamba: kitambaa kilichopakwa grisi nene, juu yake kipande cha plaiwudi, kikazwe kwa skrubu au kigandamizwe kwa gogo kutoka ndani. Jaketi la kuokolea lililosukumiwa kwenye tundu nalo husaidia, kama kuna la ziada. Wahamishie wageni boti nyingine kwanza, kisha ndipo ujitoe. Isipokuwa wakati wa kusi kwenye mwamba wa nje penye mawimbi: hapo boti itapondwa, usisubiri kuziba, watu watoke mara moja.

Lakini ajali nyingi za huko ni za macho. Mwamba huonekana jua likiwa juu na nyuma yako, kama kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Buluu iliyokoza ni kina, kijani ni maji mafupi, nyeupe ni mchanga, kahawia ni matumbawe. Ukirudi saa kumi jioni uso ukilielekea jua, unaona kioo kitupu. Siku za bamvua maji hukauka kama saa nne asubuhi, saa ile ile wageni wanayotaka kuogelea. Pita nje ya mwamba hata kama ni mbali, mtu wa omo akiwa na miwani ya polaroidi na mwendo uwe wa kutembea.

SWALI: Sisi wa Ziwa Victoria hatuna maji kupwa. Ushauri wenu unatuhusu?
— Mvuvi, Mwanza

JIBU: Nusu yake. Ziwa halijai wala halipwi kila siku, kwa hiyo hakuna maji yatakayokuja kukunyanyua, wala hakuna haraka ya dakika kumi. Una muda wa kupakua taratibu. Hatari yenu ni nyingine: ziwa lilipopanda mwaka 2020 na tena 2024, mawe, visiki na hata kuta zilizokuwa nchi kavu zilibaki chini ya maji kando ya fukwe, na njia ya zamani haiaminiki. Gugumaji nalo hufunga rafadha na kuziba matundu ya kupozea kama mchanga ufanyavyo. Zima mashine, inyanyue, kata kwa kisu. Usijaribu kulisaga.

SWALI: Redioni nisemeje nikikwama?
— Baharia, Tanga

JIBU: Chaneli 16. Taja jina la chombo, mahali, idadi ya watu, kama kinavuja au hakivuji, na kama maji yanapwa au yanajaa. Hilo la mwisho watu hulisahau, na ndilo linalomwambia anayekuja kama ana dakika ishirini au ana saa kumi.