Maswali ya Wasomaji: Maji ya Kijani, Samaki na Sumu Isiyokufa Jikoni

Barua nyingi za safari hii zimeuliza jambo moja kwa njia tofauti: utando wa kijani unaotanda Ziwa Victoria una sumu gani, na je, samaki wa ziwani na wa baharini wanaibeba hadi kwenye sahani? Tumechagua tano.

Hapa mwaloni Kasenyi, Entebbe, kuna asubuhi maji yanaamka ya kijani kama rangi ya ukuta. Tunayachemsha vizuri kabla ya kunywa. Inatosha?
*Mama wa watoto watatu, Kasenyi*

Haitoshi, dada, na kwa maji yaliyokolea kijani, kuchemsha kunaweza kuongeza hatari. Kinachoelea hapo mara nyingi ni sianobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea. Wamo katika kundi la planktoni, yaani viumbe wadogo wanaochukuliwa na maji kokote yaendako. Mmoja wao anayejulikana sana kwenye ghuba zetu, Microcystis, ana vifuko vya hewa ndani ya seli. Usiku usio na upepo hupanda juu, kisha upepo mwepesi wa alfajiri unamkusanya ufukweni, pale pale akina mama wanapochotea.

Sumu yake, mikrosistini, hushambulia ini. Imeundwa kwa pete ya amino asidi saba, na pete hiyo haivunjwi na joto la sufuria. Seli ikiwa hai na nzima, sumu nyingi imefungiwa ndani. Ukiichemsha inapasuka, sumu inamwagika majini, na maji yakipungua kwa mvuke sumu inakolea. Vijidudu vya kuhara vimekufa, ila sumu ipo. Kwa hiyo mpangilio wa kazi ndio unaookoa: toa seli kwanza zikiwa nzima, chemsha baadaye.

Usichote ufukweni palipo na utando. Nenda kwa mtumbwi mahali penye maji mapana, upande unakotoka upepo. Zamisha jerikeni likiwa limefungwa hadi kama mita moja chini, ndipo ulifungue. Nyumbani, chuja maji taratibu kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne, bila kukamua, kwa sababu kukamua kunapasua seli. Chujio la mchanga ni bora kuliko kitambaa. Ndipo uchemshe. Klorini nayo huweza kuvunja mikrosistini: ikibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, na pH (kipimo cha uasidi wa maji) ikiwa chini ya 8. Lakini ukiitia kwenye maji ya kijani inaliwa yote na mwani, na seli zinapasuka. Maji yakiwa mazito kwa kijani, yaache kabisa. Tumia ya mvua, ya kisima kirefu au ya bomba hadi ya ziwa yatulie.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 ya mikrosistini-LR (mojawapo ya aina za sumu hii) kwa lita kwa maji ya kunywa siku zote. Hesabu yake inaeleweka: mtu mzima wa kilo 60 anaweza kuvumilia mikrogramu 0.04 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani 2.4. Sehemu kubwa ya hiyo inatengewa maji, na anakunywa lita 2. Mtoto wa kilo 10 kiwango chake ni mikrogramu 0.4 tu kwa siku. Ndiyo maana tunasisitiza maji ya watoto kuliko ya wazee wao. Mwaka 1996, mjini Caruaru, Brazil, maji yenye sumu hii yalitumika kusafishia damu ya wagonjwa wa figo, na zaidi ya 50 walikufa.

Nitajuaje kama kijani ninachokiona ni hicho chenye sumu au ni mwani wa kawaida?
*Mwalimu wa sayansi, Mukono*

Chukua chupa angavu ya lita moja na nusu, vaa glavu, ijaze robo tatu kwa maji ya ziwa, kisha iache kwenye kivuli bila kuitikisa usiku kucha. Asubuhi ukikuta pete ya kijani imepanda juu, shuku sianobakteria wenye vifuko vya hewa. Kijani kikizama chini, huenda ni mwani mwingine. Kikibaki kimeenea chupa nzima, kipimo hakijakujibu, maana wapo sianobakteria wa nyuzi wasiopanda. Kumbuka pia kwamba chupa inaonyesha ni nani yumo. Haionyeshi sumu ni kiasi gani, kwa kuwa aina ile ile huwa na nasaba zenye sumu na zisizo nayo. Kiasi kinapimwa maabara.

Wanafunzi waonyeshwe chanzo pia. Mfereji wa Nakivubo unapeleka maji machafu ya Kampala kwenye Ghuba ya Murchison, ghuba hiyo hiyo ambayo mitambo ya Ggaba huchota maji ya jiji. Fosforasi ya kinyesi, sabuni na udongo wa mashamba ndiyo inayowalisha bakteria hawa. Bila kupunguza fosforasi, hakuna dawa ya kudumu.

Nauza ngege (sato), mputa (sangara) na mukene (dagaa) Masese. Wateja wanaogopa samaki wakati wa maji ya kijani. Niwaambie nini?
*Mchuuzi, Jinja*

Waambie watazame samaki anakula nini na wao wanamla sehemu gani. Ngege hula planktoni moja kwa moja, sianobakteria wakiwemo, na tumbo lake lina asidi kali ya kuwayeyusha. Mikrosistini nyingi hukaa utumboni na kwenye ini lake, kidogo sana kwenye nyama. Mputa anakula samaki wengine na kamba wadogo wa majini. Sumu hii huwa haizidi kupanda kila hatua ya ulaji kama inavyofanya zebaki, kwa hiyo mputa mkubwa hana lazima awe na sumu kuliko ngege.

Kwa hao wawili, toa matumbo na ini mara samaki anapofika, kabla ya barafu. Samaki akikaa na matumbo, utumbo unaoza na uchafu wake unapenya nyama. Osha kwa maji ya bomba, si kwa maji yale yale ya kijani ya mwaloni. Matumbo usiyakaange wala kuyatolea mafuta.

Mukene ni suala jingine kwa sababu analiwa mzima, matumbo kwa macho. Chakula chake kikuu ni zooplanktoni, yaani wanyama wadogo wa kundi la planktoni, ambao nao hula mwani. Jua na moshi vinamkausha tu, haviivunji sumu. Nunua waliovuliwa mbali na ghuba zenye utando, na wakati wa kijani kikali usimfanye mukene chakula cha kila siku cha mtoto mdogo. Hatusemi aachwe: kwa kalsiamu na protini ya bei nafuu, familia nyingi hazina mbadala wake.

Nina vizimba vya ngege Buikwe. Alfajiri moja nilikuta samaki wanahema juu, wengi wamekufa. Ni sumu?
*Mfugaji, Buikwe*

Pole sana, kaka. Dalili unazozitaja zinaelekea zaidi kwenye kukosa hewa. Mchana mwani hutoa oksijeni, lakini usiku wote huivuta, na ukifa kwa wingi, bakteria wanaouozesha humaliza iliyobaki. Upepo mkali nao unaweza kuinua maji ya chini yasiyo na oksijeni. Ziwa hujipanga kwa tabaka miezi mingi ya mwaka na kuchanganyika hasa Juni na Julai.

Pima oksijeni saa kumi na moja alfajiri, kwenye kina cha kizimba, si juu tu. Kipimo cha saa nane mchana kitakudanganya. Ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, usilishe siku hiyo: samaki akishiba anahitaji oksijeni zaidi, na chakula kinachobaki kinageuka mbolea ya mwani. Punguza idadi ya samaki kwa kila kizimba, na usogeze vizimba kwenye maji ya kina yenye mkondo. Waliokufa waondoe siku hiyo hiyo, wafukiwe mbali na maji, wasiuzwe.

Usikubali ushauri wa kumwaga mrututu (salfeti ya shaba). Unaua sianobakteria wote kwa pamoja, sumu yao inatoka kwa mkupuo mmoja, na uozo unaofuata unammaliza samaki aliyebaki.

Napika hotelini Kampala. Tunaletewa kome, chaza na samaki wa miamba kutoka pwani. Na je, kasa waliowaua watu Pemba walikuwa na sumu hiyo hiyo?
*Mpishi, Kampala*

Baharini wahusika ni wengine. Kome na chaza huchuja maji mengi kwa siku na kulimbikiza planktoni. Mwani wa jamii ya Alexandrium huwaachia saksitoksini, ambayo hupooza misuli ya kupumulia. Haina dawa ya kuiua mwilini. Mgonjwa husaidiwa kupumua hadi imtoke. Kuna pia asidi ya domoiki, iliyowafanya zaidi ya watu 100 waugue nchini Kanada mwaka 1987 kupitia kome. Zote hazibadilishi ladha wala harufu, na moto au friza haviziondoi. Kinga yako iko kwenye karatasi: mahali na tarehe ya kuvunwa, na cheti kwamba eneo hilo hupimwa sumu. Bila hivyo rudisha mzigo.

Kwa samaki wa miamba, tatizo ni siguatera, ugonjwa wa kula samaki wenye sumu. Kiumbe mdogo wa jamii ya mwani, Gambierdiscus, huota juu ya mwani mkubwa na matumbawe yaliyokufa, samaki walao majani humla, kisha wawindaji huwala hao, na hapa sumu kweli hupanda. Epuka chewa na tengesi wakubwa, usinunue mkunga, na usipike kichwa, ini wala mayai yao. Mteja akilalamika midomo inachonyota, au kitu baridi kinamuunguza, mpeleke hospitali na uhifadhi kipande cha samaki kwa uchunguzi.

Kuhusu Pemba: Machi 2024 watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Sumu ya kasa inadhaniwa hutokana na mwani wanaokula, lakini si mikrosistini ya ziwani. Hupita hata kwenye maziwa ya mama anayenyonyesha. Nyama ya kasa isiingie jikoni mwako kwa bei yoyote.