Uliza Mwalimu: Nyanya CPE, mama KCPE, mtoto KJSEA

SWALI: Mwalimu habari yako. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Kondele. Mama yangu alifanya CPE, ule mtihani wa zamani wa kumaliza praimari, mimi nikafanya KCPE iliyokuja badala yake, na kijana wangu mkubwa ni wa ile KJSEA ya kwanza ya 2025, mtihani wa gredi ya tisa. Ikifika jioni hakuna anayeweza kumsaidia mwenzake homuwaki maana kila mtu na mfumo wake. Mbona masomo yanabadilishwa kila mara? Na hii ya sasa itakaa kweli ama tutaambiwa tena tuanze upya? – Mama wa Watatu, Kondele

JIBU: Mama, hiyo nyumba yako peke yake ni historia ya shule za Kenya, wacha tuifuate hivyo hivyo tukianza na nyanya.

Nyanya alisoma 7-4-2-3, yaani miaka saba ya praimari, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na sita halafu mitatu ya chuo kikuu. Hiyo ilitoka kwa tume ya Profesa Simeon Ominde, mtu wetu wa Nyanza, iliyoundwa mara tu baada ya uhuru, na kazi yao kubwa ilikuwa kuunganisha shule ambazo mkoloni alizigawa kwa rangi, Mzungu zake, Mhindi zake, Mwafrika zake, ziwe shule za nchi moja. Walifanya na nawapa heshima yao. Lakini chujio lilibaki pale pale mlangoni, ukianguka CPE umeanguka, mtoto wa miaka kumi na tatu anarudi nyumbani akijua shule imemkataa.

Mimi niliingia darasa la kwanza Januari 1974. Mzee Kenyatta alikuwa ametangaza hakuna karo tena darasa la kwanza mpaka la nne, basi watoto wakafurika, nchi nzima walioingia darasa la kwanza walikuwa zaidi ya mara mbili ya mwaka uliotangulia. Shuleni kwetu upande wa Luanda tulikuwa wengi hadi tukawekwa chini ya mwembe, kila mtu anasawazisha mchanga mbele yake kwa kiganja halafu anaandika a e i o u kwa kidole, mwalimu akishaona unafuta unaandika ingine. Karo kweli haikuweko, lakini kabla mwaka haujaisha ikaja pesa ya jengo, kwa sababu hao watoto wote walihitaji madarasa na hakuna aliyeleta pesa ya kuyajenga. Asubuhi majina yakasomwa paredi, mimi na rafiki yangu tukarudishwa nyumbani tukilia njiani. Baba aliuza kuku watatu nikarudi. Rafiki yangu hakurudi tena, na alikuwa ananishinda hesabu. Mpaka leo nikisikia elimu ya bure ni yeye namkumbuka.

Sasa zamu yako wewe. 8-4-4, yaani miaka minane ya praimari, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ilianza 1985 wakati wa Moi, na sababu yake haikuwa mbaya, watu walilalamika kwamba vijana wanamaliza shule wanajua karatasi tu na kazi za ofisi hakuna, kwa hivyo mtoto afundishwe kilimo, useremala, ushonaji, sayansi kimu. Wazazi wakaambiwa wajenge karakana, wakaleta mawe na mchanga kwa mkokoteni. Nilipoanza kufundisha 1989 nilikuta yetu imefika kwa linta, mabati hakuna, msumeno mmoja wa darasa zima, na nilipohamishwa miaka sita baadaye bado ilikuwa imefika kwa linta. Na jambo lililoniuma zaidi ni mtihani, maana hata hiyo sanaa na ufundi ikatahiniwa KCPE kwa kuchagua A, B, C ama D na penseli. Mtoto ambaye alikuwa anaweza kuunganisha kiti kikakaa sawa, na mwenye hajawahi kushika randa, wote wanapimwa kwa kupaka penseli, na mwenye kumbukumbu ya kitabu ndiye anapita. Mwishowe hizo sehemu za mikono zikapunguzwa kwa mtihani tukabaki na zile za karatasi.

Kwa hivyo kila mfumo ulikuja kujibu lalamiko la kweli, lakini mimi sijaona hata mmoja uliokuja na madarasa yake. Hii ya umilisi ilijaribiwa kwa shule chache 2017, ikaanza rasmi 2019, 2-6-3-3-3, yaani miwili ya chekechea, sita ya praimari, mitatu ya junia, mitatu ya sinia na mitatu ya chuo, na lengo lake ukilisikiliza ni lile lile la 1985, mtoto afanye, asikariri tu. Ndio maana nikiona mama amepanga foleni kwa saiba saa mbili usiku kuprinti picha za kazi ya shule ya mtoto wa gredi ya tatu, na kesho yake anatafuta manila pepa na pesa ya unga haijapatikana, mimi naona zile kuku tatu za baba.

Itakaa? Naamini itakaa, maana watoto wameshaingia gredi ya kumi na KCSE ya mwisho, ule mtihani wa kidato cha nne wa 8-4-4, ni 2027, hakuna pa kurudi. Na kwa kijana wako, kuna njia tatu pale sekondari ya juu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu; sayansi ya jamii; na sanaa na michezo. Usikubali jina la shule likuchagulie. Shule imeandikwa inafundisha STEM, nenda uulize maabara iko wapi uione kwa macho, nani anafundisha fizikia na vipindi vingapi kwa wiki. Kijana akiwa mzuri kwa lugha na historia mwache aende huko, sayansi ya jamii si njia ya walioshindwa.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mzee wa miaka 78 hapa Kakamega. Nyinyi vijana mnalaumu mkoloni kila siku lakini elimu ya wamishonari ilikuwa elimu! Mtu wa darasa la nane wakati ule alikuwa karani, aliandika barua ya Kiingereza safi. Siku hizi mtu ana digrii hawezi. Unasemaje? – Mzee, Kakamega

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Sibishani na wewe kuhusu huyo karani, nimekutana na watu wa hivyo na hati yao ilikuwa nzuri kuliko yangu. Kaimosi wamishonari wa Quaker walifika 1902, Maseno ilianza 1906, na hizo shule zilitoa watu waliojenga hii nchi.

Lakini tuhesabu pia wale ambao hawakuandika barua yoyote. Wakati wako, chini ya mpango wa ripoti ya Beecher ya 1949, ile ya mkoloni kuhusu elimu ya Mwafrika, mtoto Mwafrika alikuwa anachujwa akiwa darasa la nne tu, halafu tena darasa la nane. Mwaka wa uhuru praimari zote za Kenya zilikuwa na watoto kama laki 9, na sekondari zote elfu 30 hivi. Huyo karani unayemkumbuka ni yule aliyepita katika lile tundu dogo, Mzee, na bila shaka alikuwa mkali, lakini ndugu zake wangapi walibaki nje wakichunga? Na mkoloni hakukosea hesabu, alitaka makarani wachache na vibarua wengi. Hata yale mambo ya kufundisha Mwafrika kazi za mikono, yaliyosukumwa na tume ya Kimarekani ya Phelps-Stokes miaka ya 1920, wazee wetu waliyashuku kwa sababu waliona mtoto wa Mzungu hafundishwi jembe. Nafikiri hiyo shaka ndiyo bado iko ndani yetu mzazi akiambiwa mtoto wake anaweza kwa ufundi, anasikia ametukanwa.

Hata hivyo watu walikuwa na kiu ya elimu, na hiyo kiu ndiyo ilijenga shule za harambee. Huko kwenu watu walichanga hadi ng'ombe kwa ajili ya WECO, ambayo leo ni chuo kikuu cha Masinde Muliro, na huku Kisumu tukachangia chuo cha ufundi cha RIAT. Na karo ilipoondolewa 2003, Mzee Maruge aliingia darasa la kwanza pale Kapkenduiyo, Eldoret, mwaka uliofuata akiwa na miaka 84, na soksi ndefu za yunifomu. Chini ya mpango wa Beecher hakuna kiti chake.

Kuhusu wenye digrii kutojua kuandika, hapo uko sawa kabisa. Watoto sitini darasani, mwalimu mmoja, hizo insha atasahihisha saa ngapi?

SWALI: Mtoto wangu wa gredi ya pili anafundishwa kwa Kilogooli na sisi tulimpeleka shule ajue Kizungu. Ni haki? – Mama Mdogo, Vihiga

JIBU: Dada, sera inasema mpaka gredi ya tatu afundishwe kwa lugha ya mahali hapo, na mtoto anayejua kusoma kwa lugha yake husoma Kiingereza haraka zaidi, nimeliona darasani miaka na miaka. Sisi tulivalishwa kibao shingoni tukikamatwa tunaongea lugha ya mama, na unakipitisha kwa mwenzako ukimsikia akiteleza, jioni mwenye nacho anachapwa. Nilichojifunza ni kunyamaza. Mwache mtoto aongee.

SWALI: Mwalimu, binti yangu yuko junia sekondari Njoro, gredi ya nane. Maabara hakuna, mwalimu wa sayansi ni intani, yaani wa mkataba wa muda, na mwaka huu amebadilishwa mara mbili. Nifanyeje? – Baba, Njoro

JIBU: Baba, gredi ya saba ilipoanza 2023 iliamuliwa ikae kwa praimari, watoto wasiende bodingi wakiwa wadogo, na hapo nilikubaliana nao. Lakini praimari haikuwahi kujengewa maabara. Kapitesheni, ile pesa serikali inatumia shule kwa kila mtoto, ni Sh15,042 kwa mtoto kwa mwaka, na walimu wengi waliingizwa kama intani kwa malipo ya kama Sh20,000 kabla ya makato, watu waliosoma digrii, na 2024 waligoma wiki nyingi. Kwa hivyo huyo mwalimu usimkasirikie, akipata kazi ya kudumu kwingine ataenda, hata mimi ningeenda.

Nenda mkutano wa wazazi na wenzako watano msiende peke yenu mmoja mmoja. Ulizeni kapitesheni ya muhula huu ilifika kiasi gani, na ile ya vifaa vya sayansi imenunua nini, mwonyeshwe. Halafu ulizeni sekondari iliyo karibu kama watoto wanaweza kutumia maabara yao Jumamosi asubuhi, nimeona shule mbili zikikubaliana hivyo, wazazi wanachangia kemikali tu. Binti akipasha maji moto hata mara moja kwa mikono yake na kipima joto ndani, mwambie aandike alichoona, kwa maneno yake, unitumie nisome.