Usiende kwenye hicho kikao

Mkuu, usiende. Hicho kikao cha Jumamosi ulichoitiwa na mwenye kituo anacholelewa mdogo wako "myamalize kifamilia", usikikanyage kabla hujafika polisi. Mdogo wako ana miaka 14, hasemi vizuri, karudi likizo nyumbani Nkuhungu, hapa Dodoma, na alama mgongoni, halafu unatuuliza ada za kituo kingine na kama umtangulize mzee wenu akaongee kwa busara. Busara gani?

Mimi nilikaa kikao kama hicho. Mpwa wangu ana utindio wa ubongo, alikuwa makao fulani nje kidogo ya mji. Nimeenda kumsalimia, namkuta kavalishwa soksi ndefu saa nane mchana, jua la Dodoma unalijua. Kuzishusha, mistari ya fimbo imevimba nyuma ya miguu. Nainua mkono kumfuta kamasi, anajifunika kichwa.

Mjomba wetu, msuluhishi wa kujitolea wa ukoo mzima, akasema polisi ni kuwaaibisha watu wanaotusaidia. Haya. Tukakaribishwa ofisini, soda baridi, sala ya kufungua kikao, matroni analia. Mara ikaletwa karatasi iliyochanwa kwenye kaunta buku: mtoto aliteleza bombani, pande zote zimeridhika. Nikasaini, ikagongwa muhuri. Sidhani kama Dodoma imewahi kunywewa soda ya bei ghali kuliko ile.

Baadaye nikasikia mlezi yuleyule kampiga mtoto mwingine. Nikakimbilia Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. PF3, ile fomu ya polisi ya kumpeleka aliyeumia kwa daktari? Sina. Picha? Sina. Mwenye kituo akatoa karatasi yangu, saini imenyooka kama ya Gavana kwenye noti. Daktari naye apime nini, mguu ulishapona! Mlezi akahamia kituo kingine na barua nzuri ya utambulisho. Mjomba siku hizi anasema yeye "alishauri tu". Alishauri tu! Kwenye vikao vya mahari huwa hashauri tu, anaamua.

Kwa hiyo PF3 kwanza, vikao baadaye. Leo hii mchukue mtoto mpaka Dawati, fungua RB, yaani taarifa yako iandikwe kwenye kitabu cha polisi upewe namba, wakupe PF3, nenda naye General, hospitali ya mkoa, daktari aandike anachokiona wakati bado kinaonekana. Piga picha. Usimhoji mara kumi kumi, utamlisha maneno, waachie wanaojua kumsikiliza. Mtafute afisa ustawi wa jamii, ukizungushwa piga 116, ni bure. Wakisema unachongea watu, waambie Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za mtoto kunyanyaswa azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Na karatasi yoyote watakayokuletea, hata ikiwa ya mahudhurio, usiweke saini.

Kituo kingine utatafuta baadaye, ukianza na kuomba kuona leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii.

Mwenye kituo akikupigia tena jioni, mtajie namba ya RB. Kikao ataahirisha mwenyewe.