Kingereza changu cha kuombea maji, naweza kujifunza programu?

Hili swali naulizwa sana, na kila anayeuliza ananong'ona kama anaungama dhambi. Jibu langu ni ndio, unaweza, tena mimi kingereza nilichokuwa nacho ndo kilinichelewesha, ngoja nieleze kabla hujanirushia mawe.

Chukua Python, mojawapo ya lugha za kuandikia programu. Maneno ambayo lugha yenyewe imeyatenga kwa kazi zake, if, else, while, return na wenzao, yako 35 tu, na kati ya hayo kuna kama nonlocal ambayo mwaka mzima wa kwanza unaweza usiyaguse. Halafu aliyeitunga, Guido van Rossum, ni Mholanzi, yani hata kwake kingereza ni lugha ya kujifunza, na Python ilitoka 1991 watu wanaitumia mpaka leo. Kwahiyo maneno sio mengi.

Shida ni kwamba hayo maneno yamevaa nguo za kingereza ila sio kingereza. Mimi nilikuwa natafsiri kila kitu, naona argument nawaza ugomvi (kumbe ni kitu unachoipa fanksheni, yani kipande cha programu chenye jina na kazi yake, ikitumie), naona string nawaza kamba (kumbe ni maandishi tu), float nikawaza kitu kinaelea kwenye maji (kumbe ni namba yenye desimali, jina limetokana na ile nukta kuweza kuhama), na return ndo usiseme, nilidhani programu inarudi mwanzo kuanza upya. Nimekaa na hiyo return wiki mbili kichwa kinauma. Kumbe ni fanksheni inamkabidhi jibu aliyeiita halafu yenyewe imemaliza, basi. Siku nilipoacha kutafsiri nikaanza kuuliza hili neno linafanya nini badala ya linamaanisha nini, mambo yakaanza kufunguka.

Sasa kosa lililonila siku nzima. Nilitaka programu iniambie leo ni mapumziko kama siku ni Jumamosi au Jumapili, nikaandika vilevile mdomo unavyotamka:

if siku == "Jumamosi" or "Jumapili":

Kila siku ikawa mapumziko. Mpaka Jumanne! Nikabadilisha tarehe, nikazima mashine nikawasha, wapi. Ukweli ni kwamba kompyuta haisomi sentensi nzima kama mimi na wewe, inasoma vipande viwili, cha kwanza siku ni sawa na Jumamosi? cha pili "Jumapili" imekaa peke yake haiulizi chochote, na Python maandishi yoyote yasiyo matupu inayahesabu kuwa kweli, kwahiyo jibu ni kweli milele. Inabidi urudie, siku == "Jumamosi" or siku == "Jumapili", au ufupishe kwa siku in ("Jumamosi", "Jumapili"). Mtu akiongea hivyo mtaani utamwona anakera ila kompyuta ndo inavyotaka. Na kwa wale wanaouliza kila siku, = moja inaweka thamani, == mbili zinauliza.

Tahajia nayo ina vituko. Wengi tulifundishwa ya Uingereza, colour na centre, sasa kaandike colour kwenye CSS, ile lugha ya kupamba kurasa za wavuti, uone, haikugombezi wala nini, inauruka huo mstari kimya kimya na wewe unabaki unashangaa mbona maandishi bado meusi. CSS inajua color na center tu. Halafu hao wenye kingereza chao wenyewe, kwenye HTTP, yani kanuni ambazo kivinjari na seva ya tovuti vinaongelea, kuna kitu kinaitwa Referer, kinachosema umetokea ukurasa gani, kimeandikwa kimakosa, ilitakiwa iwe referrer, ila kosa lilishaingia kwenye kanuni rasmi likabaki hivyohivyo, ukijifanya mwalimu ukairekebisha unaharibu. Ndo maana mtu akinicheka tahajia yangu sina presha.

Na sisi tuna mtego wetu, hii alama ya ng'. Ukiandika 'Ng'ombe' ndani ya alama moja moja, Python inadhani neno limeishia kwenye Ng, halafu inakutana na ombe haielewi katokea wapi, inakulalamikia unterminated string literal. Tumia alama mbili mbili, "Ng'ombe", imeisha hiyo. Waingereza nao wanaumia hapohapo kwenye it's yao.

Kingereza ambacho naona kina faida kweli ni cha meseji za makosa, na chenyewe ni kidogo kinajirudia: expected, unexpected, missing, not defined, out of range. Kwenye Python anza kusoma mstari wa mwisho kabisa, watu wanaona maandishi mengi mekundu wanafunga dirisha, wakati chini pale imeandikwa name 'jna' is not defined na wewe ulitaka jina. Herufi moja tu.

Ukikwama ukataka kuuliza watu, usikae nusu saa unapanga How can I au How I can, wataelewa. Bandika meseji ya kosa yenyewe, kama maandishi sio picha, sema ulitegemea nini na umepata nini. Ila code kwa maana ya programu haina wingi, ni kama maji, na software hivyohivyo, ingawa ukisema codes hakuna atakayekufunga. Angalia pia deprecated, sio depreciated, ya kwanza ni kitu bado kinafanya kazi ila wanakushauri ukiache, ya pili ni thamani kushuka.

Majina unayovipa vitu ndani ya programu yako je, lazima kingereza? Hapana. Mimi nilianza na x1, x2, x3 nikapotea, nikahamia maneno ya kingereza niliyokuwa sina uhakika nayo nikapotea zaidi, mwisho nikaandika umri, jumla, idadi_ya_watu, ndo nikaanza kuelewa kazi yangu mwenyewe. Siku hizi nikishirikiana na wengine naandika kwa kingereza ila vya kwangu binafsi bado, kuna fanksheni nimeiita toa_takataka inafuta mafaili ya muda na sijaona sababu ya kuibadilisha jina.