Kabla Hujapeleka Korosho Zako Supamaketi

Msimu ukikaribia, kina dada wanaobangua korosho majumbani hapa Mtwara huniuliza swali moja: nifanyeje na mimi niingie supamaketi? Nimekuwa nikipeleka korosho za kukaanga kwenye supamaketi za hapa mjini na za Lindi kwa miaka kadhaa sasa. Jibu langu ni ingia, ila usiingie na mtaji wako wote. Nitaeleza kwa nini.

Tuanze na hesabu. Kilo moja ya korosho ghafi, ukishaibangua na kuimenya, inakupa kama gramu 200 hadi 250 za korosho safi. Maana yake kilo moja unayoiweka kwenye paketi imekula kilo nne au tano za ghafi, na bado hujaweka mkaa, chumvi, paketi, nauli, na malipo ya mikono inayobabuliwa na mafuta ya ganda. Sasa nenda supamaketi kama mteja. Simama mbele ya shelfu, angalia paketi kama yako inauzwaje, kisha uliza duka linachukua kiasi gani. Tuseme paketi ya gramu 250 inauzwa shilingi 12,000 na duka linataka robo. Wewe unabaki na 9,000. Kama kuitengeneza kumekugharimu 8,500, faida ni shilingi 500, na hapo hakuna paketi iliyorudishwa wala iliyopasuka. Hesabu ianze kwenye shelfu irudi nyumbani kwako. Ukianza na bei uliyoizoea sokoni utapotea.

Sasa nije kwenye jambo linalowaumiza wengi, nalo ni malipo. Supamaketi nyingi haziununui mzigo wa mjasiriamali mdogo papo hapo. Wanapokea kwa mali kauli: ukiuzwa ndiyo ulipwe. Utaambiwa siku 30. Siku 30 zikifika mhasibu yuko safarini, wiki inayofuata bosi hajasaini, na wewe msimu wa mnada wa korosho ndio umefika, ghafi inatakiwa sasa hivi na hela imekaa kwenye shelfu ya mtu. Kuna duka moja lilinikalisha na deni hadi msimu ukapita, na nilipata changu kwa sababu tu kila karatasi ya kupokelea mzigo ilikuwa na tarehe, idadi, sahihi na muhuri. Bila muhuri usiache hata katoni moja, hata kama meneja ni shemeji yako.

Na usidhani duka likiwa kubwa ndiyo usalama. Supamaketi ya Uchumi ya Kenya ilifunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015. Nakumatt, supamaketi nyingine ya Kenya iliyokuwa imeyachukua maduka ya Shoprite hapa nchini, nayo ilianguka baadaye. Kote huko wasambazaji waliachwa na ankara mkononi. Kiwanda kikubwa kinaweza kustahimili pigo la namna hiyo. Mama anayebangua uani hawezi. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: peleka supamaketi kiasi ambacho hela yake ikichelewa miezi mitatu watoto wataendelea kula na ghafi itaendelea kununuliwa. Kwangu ni kama theluthi ya mzigo. Iliyobaki inauzwa taslimu stendi, kwenye maduka ya mtaani, kwa wasafiri na kwenye oda za harusi.

Mbona basi niseme ingia? Kwa sababu paketi yako ikionekana pale, mtu wa hoteli au wa ofisi anakuona na kukupigia simu. Wanunuzi wangu wakubwa wamenipata kwa namba iliyoko kwenye lebo. Halafu kuna suala la heshima ya mkoa, nalisema bila kuficha. Sehemu kubwa ya korosho yetu inaondoka ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, ajira ya kubangua inaondoka nayo. Kuikuta korosho iliyobanguliwa na kukaangwa Mtwara ikiuzwa Mtwara ni jambo ambalo lingepaswa kuwa la kawaida kabisa.

Kuhusu lebo. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, Marekani, akamwachia mteja achukue bidhaa mwenyewe badala ya kumwagiza muuzaji wa kaunta. Supamaketi zetu zinafanya kazi hivyo hivyo mpaka leo. Sokoni unaweza kumwonjesha mteja na kumpigia stori. Kwenye shelfu haupo. Kwa hiyo paketi iseme yenyewe: jina la bidhaa, uzito halisi, viambato, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, mahali inapotengenezwa, namba ya simu. Andika kwa Kiswahili kinachosomeka, si kwa herufi za kupambapamba. Alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ni lazima uipiganie. Tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yalihamia TBS kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na mjasiriamali mdogo anashauriwa apitie SIDO kwanza, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wamsaidie kuandaa maombi. Msimbomilia, ile mistari ya kuskani (barcode), pia supamaketi wataudai. Ule unaotolewa na GS1 Tanzania huanza na 620.

Usibane hela kwenye paketi. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, korosho inalegea haraka na mafuta yake yanachacha, hasa ikiwa kwenye nailoni nyepesi inayopitisha mwanga. Tafuta mifuko mizito inayozibwa kwa joto. Kila ukipita dukani, sogeza za zamani mbele na mpya nyuma, maana wafanyakazi wa duka wana bidhaa mia za kupanga na hawataikumbuka yako.

Kuna wateja ambao supamaketi haiwafikii kabisa, na nawaombeni msiwasahau. Majirani zangu wengi wananunua mafuta ya kupima, sukari robo, unga nusu kilo, kwa mangi, mwenye duka la mtaani, anayewaandika kwenye daftari mpaka hela ya korosho au ufuta itoke. Supamaketi haina daftari na haipimi mafuta ya mia tano. Kwa hao nafunga vipaketi vidogo vya gramu 30, na vinatoka kila siku hata wakati wa masika ambapo mifuko ya watu ni mikavu na shelfu ya supamaketi imelala.

Ukienda kuzungumza na meneja, usiende kama unaomba msaada. Bidhaa zake nyingi zinatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550 kwa barabara moja. Mei 2024, baada ya mvua kubwa na kimbunga Hidaya, barabara ile ilikatika upande wa Lindi na malori yakakwama. Wewe uko Chikongola au Chuno. Akikupigia asubuhi, mchana mzigo umefika, lori lipite lisipite. Mwambie hivyo, kisha taja masharti yako: anaanza na katoni mbili, unalipwa kila baada ya siku 14 kwa zilizouzwa, na mnahesabu pamoja zilizobaki. Kuna atakayekataa. Nenda kwa mwingine, na viduka vidogo vilivyofunguliwa na vijana wa hapa mara nyingi ndivyo vinavyokubali na kulipa mapema.