Shangazi Nijibu: "Nimeambiwa nifute vois la sivyo nitashikwa"

Mwezi huu karibu barua zote zimekuja na jambo moja, watu wamechoka. Wamechoka na waheshimiwa, wamechoka na TV, na pa kusemea wamebakiwa na simu tu. Nimechukua nne, mbili za Lamu mbili za Malindi, na majina nimeyatoa.

Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko kisiwa cha Pate, kijiji tafadhali usikitaje. Mwezi uliopita mwanangu mdogo alishikwa na homa usiku, asubuhi nikambeba mpaka dispensari, nesi akampima akaniandikia dawa halafu akaniambia dawa hamna, kanunue Lamu. Sasa Shangazi Lamu ni safari ya boti, na ikishakuwacha ya alfajiri ndo mpaka kesho, na mtoto anachemka mapajani. Nikakaa pale kwa benchi ya nje nikarekodi vois nikaituma kwa grupu ya wodi yetu ya uchaguzi. Sikutukana mtu, nilisema tu 2022 mlikuja hapa na maboti na bendera mkatuomba kura na leo hata dawa ya homa ya mtoto hamna. Ile vois ilienda, mpaka jioni ikanirudia kwa grupu ya harusi ya Mombasa, watu wanaiskiza hawajui ni mimi. Usiku akanipigia kijana wa mheshimiwa, ati futa ile vois, umechafua jina la kiongozi, kuna sheria ya mitandao utashikwa ulipe milioni tano. Mume wangu asema futa, mama mkwe asema sauti ya mke wa mtu kuzunguka visiwa vyote ni aibu. Nimeifuta lakini ishasambaa na usingizi sipati. Nimekosa wapi? – Mama wa Watatu, Pate

Marahaba mwanangu. Mtoto je, amepoa? Umeniandikia yote na hilo hukuniambia, ukinijibu anza nalo.

Hukukosa. Katiba ya 2010 kifungu cha 33 inampa kila mtu uhuru wa kusema, na mipaka yake iko pale pale: usipigie debe vita, usichochee fujo, usitoe matamshi ya chuki. Mama kulalamika dawa hamna dispensari hayumo kwenye hiyo mipaka, umsome mbele umsome nyuma hayumo. Hilo la kuchafua jina, ni kweli zamani ungeweza kufungwa kwalo, ilikuwa kosa la jinai kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, lakini Mahakama Kuu ilikitupa Februari 2017, sa hivi mwenye kuona amechafuliwa anafungua kesi ya madai adai fidia, na hapo ukweli ndo ngao yako. Na mwaka mmoja kabla, Aprili 2016, mahakama ilikuwa ishakitupa kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kile kilichokuwa kikiwapeleka watu seli kwa posti za Facebook. Huyo kijana naona ameisikia sheria ya makosa ya kompyuta na mitandao ya 2018. Ilipopitishwa iliandikwa ndani faini ya mpaka milioni 5 au jela mpaka miaka 2, lakini iliandikwa kwa mtu anayesambaza uongo kwa makusudi, na hata hivyo watu waliipeleka kortini mwaka huo huo. Dawa hamna ni uongo? Nesi mwenyewe ndo aliyekwambia.

Lakini sitakudanganya kwamba woga wako hauna msingi. Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang, aliyekuwa akifundisha Taita Taveta, Pwani hii hii, alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya posti kuhusu mkubwa wa polisi, akapelekwa Nairobi na akafia mikononi mwa polisi. Kila nikikumbuka moyo wanikaza. Kwa hivyo mume wako akisema futa anaogopa juu yako, msigombane. Ila kuogopa na kunyamaza ni mambo mawili, na nataka nikuonyeshe njia ambayo sauti yako haihitaji hata kusambazwa.

Hebu itafute ile karatasi ya nesi. Najua umeikunja ukaiweka ndani ya kibeti ama chini ya godoro. Ina tarehe, ina jina la dawa, na mara nyingi nesi huandika O/S pembeni, manake dawa haipo stoo. Hiyo ndo hoja yako sa, nzito kuliko vois mia. Ipige picha, halafu andika barua kwa idara ya afya ya kaunti. Si kwa mbunge, dispensari si kazi ya mbunge, Katiba kwenye Jedwali la Nne imezipa kaunti dispensari na vituo vya afya, kwa hivyo wa kuulizwa ni gavana na watu wake, na MCA, yule mwakilishi wa wodi yenu kwa bunge la kaunti, ndo wa kuwasimamia hao. Kwenye barua uliza mambo matatu basi: dawa zililetwa lini mara ya mwisho kwa dispensari yetu, zililetwa dawa gani na ngapi, na nyengine zaja lini.

Hapo utakuwa umeitumia sheria ya kupata habari ya 2016, na hii wallahi ningetaka kila mama wa visiwani aijue. Inaruhusu uandike kwa Kiswahili. Kupeleka ombi hulipi kitu, labda gharama ya kutoa kopi. Mtu asiyejua kuandika, afisa wa habari analazimika amsaidie ombi lake liandikwe. Wana siku 21 za kujibu, na kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Wakinyamaza unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, hiyo inayoitwa Ombudsman, bure pia. Andika barua mbili zinazofanana, moja wabakie nayo na moja wakugongee muhuri wa kupokea urudi nayo nyumbani. Huo muhuri usiwachane nao, tarehe yake ndo unayohesabia zile siku 21. Na kama waogopa kwenda peke yako andikeni kina mama kumi, kila mmoja na karatasi yake ya dawa, maana najua si wewe peke yako uliyekaa kwa ile benchi.

Yule kijana akipiga tena usibishane naye. Mwambie atume kwa meseji anachotaka, kwa maandishi, ukiweke. Na wakikuita polisi kweli usiende peke yako.

Na mama mkwe, mwambie kwa heshima zake zote: mamangu, mjukuu wako alikuwa anachemka. Usiongeze neno. Nadhani ataelewa.

Shangazi mambo vipi. Mimi naendesha tuktuk hapa Malindi, natokea Maweni. Swali langu ni la hizi TV zetu. Kila nikifungua habari ni Nairobi tu, mheshimiwa fulani amemjibu mheshimiwa fulani, nusu saa imeisha. Sisi Pwani twaonyeshwa siku tukifa ama siku tukiwachezea wageni ngoma. Juni 2024 mambo yote nilifuata kwa TikTok na X, vijana walikuwa wanaeleza mswada wa fedha kipengele kwa kipengele kwa Kiswahili cha mtaani nikaelewa mkate utapanda vipi, TV haikunieleza hivyo. Naonelea niachane na TV kabisa nibaki na simu. Nakosea? – Dereva, Malindi

Poa mwanangu. Hasira yako naijua na sehemu kubwa nakubaliana nawe. Ule mswada vijana waliutafsiri mpaka bibi wa sokoni akauelewa, na tarehe 26 Juni 2024, siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni, rais akasema hautii sahihi. Vijana waliuawa kwa hilo, tusilipite haraka haraka.

Lakini usiwaweke wanahabari wote kapu moja. Tarehe 30 Januari 2018, siku Raila Odinga alipojiapisha pale Uhuru Park, serikali ilizizima Citizen, NTV na KTN kwa sababu walitaka kuonyesha laivu, na zingine zilikaa zimezimwa siku kadhaa. Tarehe 25 Juni 2025 tena, vijana wanakumbuka mwaka mmoja, ikatoka amri vituo viache kuonyesha maandamano laivu, mahakama ikaisimamisha. Mtu hazimi kitu kisichomuuma. Tatizo la Pwani kutoonekana naona liko pengine: TV na magazeti yanaishi kwa matangazo, na serikali yenyewe ni mtangazaji mkubwa, halafu riporta wa huku wengi wanalipwa kwa stori moja moja, stori isipotumika hapati kitu, sasa nani atalipa mafuta ya boti mpaka Kiunga kufuatilia stori ya wavuvi ambayo Nairobi wanaweza kuiweka kando? Ndo maana jambo kama la Aprili 2018, Mahakama Kuu kuamua wavuvi wa Lamu kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyotiwa na bandari, ukiwauliza abiria wako leo wengi hawajui lilianzaje wala liliishaje. Hilo ndo linaniuma mimi.

Na simu nayo ina yake. Juzi jirani kaniletea video boti inazama, watu wanapiga makelele, imeandikwa ni Kiwayu jana jioni. Nikaiangalia mara ya pili bila kuskiza sauti. Boti yenyewe pua yake imepinda juu, si jahazi wala si mtumbwi wa kwetu, na ufuoni kuna minazi mifupi ya kupandwa kwa mstari. Mara ya tatu nikaiskiza, lugha wanayolilia si Kibajuni wala Kiswahili wala Kisomali. Na jirani alikuwa ashaituma kwa grupu nne, na Kiwayu kuna watu wana watoto wao baharini usiku huo. Kwa hivyo ukiona kitu kinakushtua tafuta mtu aliye pale pale umpigie kabla hujakituma, wewe dereva wa tuktuk huwezi kukosa wa kumpigia.

La mwisho kwako: bunge la kaunti ya Kilifi linakaa hapo hapo Malindi, abiria unawashusha karibu kila siku. Kifungu cha 196 cha Katiba kinasema vikao viwe wazi kwa wananchi. Siku moja zima tuktuk kwa saa mbili uingie ukae uskize MCA wako ama amesema nini ama hakufika. Halafu uje uyaeleze kwa TikTok, kwa Kiswahili hicho hicho cha mtaani ulichokipenda. Hiyo stori hakuna TV itakayokuletea. Na chombo kikikosea kwa jambo unalolijua, Baraza la Vyombo vya Habari lina tume ya kupokea malalamiko, waandikie.

Shangazi mimi ni admini wa grupu ya mtaa hapa Malindi, watu zaidi ya mia mbili. Siasa zikianza ni matusi ya kabila, kuna watu nashuku wanalipwa kutuma picha za mheshimiwa asubuhi mpaka usiku. Nifunge grupu? – Admini

Usifunge, watu watakosa pa kutangaza maji yakikatika na mtoto akipotea. Tusi la kabila mtoe mtu siku hiyo hiyo bila kumwuliza mara mbili, na uweke skrinishoti. Sheria ya uwiano na utangamano ya 2008 kwa matamshi ya chuki ni mpaka milioni moja au miaka 3, na wewe hutaki kuitwa kueleza kwa nini ulinyamaza. Hao wa mapicha mwulize kila mmoja mbele ya watu swali moja la kazi, kwa mfano ile taa ya barabarani kwenye kona itawashwa lini. Anayejibu abaki.

Bibie salaam alaykum. Mimi mzee wa Langoni, Lamu, nimepita sabini. Zamani neno la siasa tulilisema barzani Mkunguni, mtu anakutazama usoni. Leo mjukuu wangu amelala chali na simu anamshambulia mkubwa wa watu. Juzi ameandika kuhusu mitaro ya hapa Langoni kufurika, na ni kweli imefurika, lakini maneno aliyoyatumia nimeona haya. Si ghiba hii? Si bora tukarudi barzani? – Babu wa Langoni

Waalaykum salaam babu yangu. Barza naitamani na mimi. Lakini wewe unakumbuka vizuri kuliko mimi kwamba miaka ya 1970 wakati wa uchaguzi wa huku Lamu watu walikuwa wakijibizana kwa mashairi, yanarekodiwa kwa kanda za kaseti, kanda inatoka kisiwa hiki inaenda kile, na majibu yanarudi na boti nyengine. Aliyekuwa anaskiza kaseti hakuwa anamtazama mtu usoni. Na maneno yalikuwa makali babu, ila yalikuwa na vina na mizani, mtu alikaa usiku kucha akiyapima kabla ya kuyatoa. Mjukuu wako hicho ndo alichokikosa, hakuna aliyemfundisha kupima.

Na kuhusu ghiba, mimi si sheikh, hilo mwulize imamu wako. Ninalojua ni kwamba aliyechukua kazi ya umma na mshahara wa umma anaulizwa kazi yake hadharani. Ule mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 waliotaka kuujenga Kwasasi, kama watu wa Lamu wangesema ni ghiba wakanyamaza ungekuwa ushajengwa. Walisema barzani, wakasema mitandaoni, wakaandamana, wakaenda kutoa ushahidi, na tarehe 26 Juni 2019 baraza la kitaifa la kesi za mazingira likaifuta leseni, na moja ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hayo si maneno ya nyuma ya mtu.

Mkalishe mjukuu baada ya isha, mwambie akusomee ile posti ya mitaro kwa sauti, neno kwa neno, mbele yako. Penye tusi ataona haya mwenyewe atalitoa. Picha ya mtaro na tarehe aiwache pale pale, na wewe weka jina lako chini ya lake.