Mshahara hautoi moshi

Mwanangu,

Swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema shirika lenu la ndege linapunguza wafanyakazi, na tangazo lilelile linadai akiba itakayopatikana itatumika kulinda mazingira. Sasa unajiuliza: anayepinga kupunguzwa kwa wenzake, ndiye adui wa mazingira?

Hapana, mama. Mshahara hautoi moshi. Kila kilo ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa zaidi ya kilo 3 za hewa ukaa, wafanyakazi wawe wamebaki wote au nusu yao wameshapewa barua.

Tena mafuta huokolewa na watu. Nimepanga uzito wa mizigo miaka mingi, nayajua haya kwa mikono yangu. Mizigo ikijazwa mbele kupita kiasi, ndege inakuwa nzito puani, mkia unafanya kazi ya ziada kuiweka sawa, na mafuta yanaliwa njia nzima. Ndege ikiegeshwa halafu hakuna wa kuichomekea umeme wa ardhini, injini ndogo ya mkiani inaendelea kunguruma na kunywa mafuta bure. Zamu tulizobaki wawili, hayo yalikuwa kawaida. Kwenye ripoti za mazingira sikuwahi kuyaona.

Qantas, kampuni ya ndege ya Australia, iliahidi mwaka 2019 kwamba ifikapo 2050 hewa ukaa yake, ukitoa ile inayofidiwa, itakuwa sifuri. Mwaka uliofuata ikawaondoa watu zaidi ya 1,700 wa kuhudumia ndege uwanjani, wakiwemo wapakiaji wa mizigo, na kuwapa wakandarasi kazi hizo. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikathibitisha kuwa ilivunja sheria. 2025 ikapigwa faini ya dola milioni 90 za Australia. Ahadi ya 2050 haikuwakinga wale wapakiaji hata siku moja.

Nisiwaonee wakubwa wako, lakini. Mafuta endelevu ya ndege, yaani yasiyochimbwa ardhini bali yanayotengenezwa kwa vitu kama mafuta ya kupikia yaliyokwisha tumika, ni ghali kuliko ya kawaida, tena kwa mbali, na Umoja wa Ulaya umelazimisha yawe asilimia 2 ya mafuta ya ndege yanayotolewa kwenye viwanja vyake kuanzia 2025 na asilimia 6 ifikapo 2030. Hela lazima itoke mahali. Basi kwenye kikao uliza jambo moja tu: akiba ya mishahara yetu imeandikwa wapi kwenye bajeti ya mafuta hayo? Waonyeshe mstari wenyewe.

Na kama jina lako limo kwenye orodha, usinifiche. Nipigie.

Mama yako